Mama Asiiguse Fidla

Jumatatu, 4 Machi

Naanza leo. Mwalimu wa fidla amewaambia wanafunzi wake waandike kila siku walichofanya, hata mistari miwili, eti ni tabia nzuri kwa anayeanza. Nikajiuliza, mtoto aandike na mama yake akae tu? Shule niliiachia darasa la tano lakini herufi sijazisahau.

Mambo yalivyo ni hivi. Binti yangu anajifunza fidla. Tunamwita Chiriku kwa utani, kwa sababu haongei. Fidla si yetu, ameazimwa na Mwalimu kutoka chumba cha muziki. Za kuazima zilikuwa mbili. Moja anayo Chiriku, nyingine anayo binti wa Mama Pacha. Sasa moja inatakiwa kurudi kwa mwenyewe. Jumamosi asubuhi Mwalimu atawasikiliza wote wawili. Mmoja ataendelea na fidla mwaka mzima. Mwingine atasubiri mpaka ipatikane nyingine, yaani atasubiri mpaka aote mvi.

Chiriku alinipa habari hiyo kwa maneno machache kuliko haya. Kisha akachukua kitambaa chake akaifuta fidla, taratibu, kama mtu anayemkausha mtoto mchanga. Akamaliza, akakaa nayo mapajani bila kupiga. Nikaenda jikoni nikajifanya naangalia chai. Chai yenyewe sikuwa nimeibandika.

Haitoki hiyo fidla nyumbani kwangu. Nimeapa mbele ya sufuria.

Mama Pacha ni mteja wangu. Mimi ni msusi, saluni yangu ni chumba cha mbele, kiti kimoja na kioo kimoja. Leo alipita kuulizia nafasi ya kusuka Ijumaa. Angeweza kuuliza akiwa mlangoni. Aliingia na mfuko, makusudi nione. Akapanga vitu juu ya meza yangu ya vitana. Kiegemeo cha bega, cha kuishikilia fidla isiteleze. Ulimbo mpya wa kupaka upinde, kipande kigumu rangi ya asali. Kisanduku kinachogonga tik, tik, ili mtoto asikimbie na wimbo. Kimashine cha kupimia kama nyuzi zimekazwa sawasawa. Stendi ya kuwekea karatasi. Nyuzi za akiba. Akaniambia, shoga yangu, mimi wangu sitaki ahangaike.

Nikasema hongera. Meno yalikuwa yameshikana.

Usiku huu nimepata mbinu. Kila alichonunua yeye, mimi nitakitengeneza.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na kiegemeo cha bega. Bila hicho fidla inamteleza Chiriku, anainua bega kuizuia, akimaliza shingo imekaza kama ubao. Nimeshona mto mdogo, nikaujaza mabaki ya nywele za bandia kutoka saluni. Ulipendeza. Alipouweka alionekana amebeba mtu. Kidevu hakikuifikia fidla. Akaniambia ni mzuri, mama, labda tuutumie kwenye kochi.

Nikakaa chini nikafikiri. Nikachukua sponji ya kuoshea vyombo, mpya, nikaikata nusu, nikaifunga nyuma ya fidla kwa mipira ile ninayofungia ncha za misuko. Ikakaa. Fidla haikuteleza, bega likashuka. Baba Chiriku aliingia kutoka kazini na ndoo zake za rangi, akaitazama, akasema hiyo fidla imefungwa bendeji, imegombana na nani. Yeye hupaka rangi kuta za watu siku nzima na hana jicho la mambo madogo.

Jioni Chiriku amerudi kutoka kwa Mwalimu. Nikamuuliza amesemaje kuhusu sponji. Amesema Mwalimu aliigeuza, akaibonyeza, akasema ni nzuri sana, wanaoanza wengi hutumia hiyohiyo. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie taratibu, Baba yake alikuwa hajasikia vizuri.

Kumbe nina kipaji. Miaka yote hii nilidhani ni mikono ya kusukia tu.

Jumatano, 6 Machi

Jirani wa chini ni mlinzi. Anakesha kazini, analala mchana. Leo Chiriku alipoanza mazoezi, mlinzi aligonga dari kwa mpini wa fagio. Baadaye akapanda mwenyewe, amejifunga shuka, jicho moja limefungwa. Akauliza kwa heshima yote, Mama Chiriku, huyo paka mnamwogesha au mnamchinja? Kama mnamchinja, basi mfanye haraka.

Sikumjibu vibaya. Mlinzi ana haki ya kulala. Lakini mazoezi yakikatika sasa, Jumamosi tumekwisha.

Nikakumbuka Chiriku aliwahi kunieleza kuna kidude cha kubana kwenye kidaraja ili sauti ipungue. Kidaraja ni kile kimbao chembamba ambacho nyuzi zinapita juu yake. Nikasubiri aende dukani kuninunulia chumvi. Nikachukua vibanio vyangu vya chuma, vile vya kugawia nywele, nikabana kimoja. Sauti bado. Nikabana cha pili na cha tatu. Nikabana na kile kikubwa cha mteja mwenye nywele nyingi.

Kidaraja kikaanguka. Paa! Nyuzi zote zikalala kama kamba za kuanikia nguo zilizokatika nguzo.

Nilijua nimeiua. Nikaifunika kwa shuka jeupe, nikakaa kando yake. Chiriku alirudi na chumvi, akaona shuka, akanitazama, akafunua. Akaniambia kidaraja hakijagundishwa, mama, kinashikiliwa na nyuzi tu, kinasimamishwa tena. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tukaipeleka kwa Mwalimu, akakisimamisha kwa vidole viwili na kukipima kwa jicho. Akanisalimu vizuri. Akaniomba, siku nyingine kukiwa na shida yoyote ya ufundi, nimletee kwanza yeye.

Salamu nimezipokea. Ombi nimelisikia pia.

Tuliporudi, Chiriku alichukua kibanio cha nguo, cha mbao, kimoja tu, akakibana polepole juu ya kidaraja. Sauti ikawa ndogo kama nzi kwenye chupa. Mlinzi akalala. Kibanio kilikuwa changu, kwa hiyo ushindi huo nauandika kwangu.

Alhamisi, 7 Machi

Mama Pacha amekuja kufumua misuko ya zamani, kesho nimsuke upya. Mtu akiwa kwenye kiti changu, kichwa kimeinama, husema yote. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, binti yako hufanya mazoezi muda gani siku hizi. Akasema huanza akitoka shule, huacha chakula kikiwa mezani. Bila kupumzika. Na anapiga kwa kasi, akasema, mpaka kile kisanduku cha tik tik hakimpati.

Chiriku wangu hupiga kidogo tu kila siku. Kidogo, na polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Mstari mmoja anaurudia, anausimamisha, anaurudia tena.

Aliporudi shule nikamwambia leo ni mpaka chakula cha jioni. Akanieleza Mwalimu anataka muda mfupi kila siku, si mrefu siku moja. Kwanza kunawa mikono, kucha ziwe fupi, kupiga polepole mpaka mkono ukubali, kupumzisha bega, na ukimaliza kufuta nyuzi na kulegeza upinde. Nikamwambia Mwalimu hashindani na Mama Pacha.

Akapiga. Nilikaa mlangoni na kijiko cha kupikia. Mwanzo ulikuwa mzuri. Baadaye wimbo ukaanza kuchechemea, ukaanguka, ukainuka, ukawa kama mkokoteni usio na grisi. Nikasema endelea. Mwisho akaishusha fidla, akauliza, mama, naruhusiwa kuchoka?

Aliniomba ruhusa ya kuchoka. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu na nyuzi zimeacha mistari. Nikampashia maji yakawa vuguvugu, nikamsugua kidole kimoja kimoja. Nilijisikia vibaya sana. Lakini kujisikia vibaya hakutazuia fidla kuondoka.

Alipokuwa anaulegeza upinde ndipo nikauona kwa karibu. Nilidhani ni uzi ule. Nikamuuliza. Akasema ni nywele, mama, za mkia wa farasi.

Nywele.

Nikauomba niutazame. Zimekauka. Zimepauka. Ukizitikisa zinatoa unga mweupe. Maskini ya Mungu, nywele zina mba, na mimi msusi nipo humuhumu ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Siku kubwa. Naandika haraka, mchana huu, kabla Chiriku hajarudi.

Ana mtihani kesho na upinde wenye mba. Mtoto anasugua nyuzi kwa nywele zilizokauka hivyo, sauti itatoka wapi? Ndiyo maana mlinzi alisikia paka. Alipoondoka tu asubuhi, nikaufungua upinde, nikaulaza juu ya taulo. Shampuu ya mba, mara mbili. Unga ulitoka mwingi mpaka nikaona huruma. Nikasuuza. Nikapaka dawa ya kulainisha, nikazungushia taulo la moto, nikaacha ikae. Nikasuuza tena. Nikakausha kwa upepo wa baridi, nywele za aina hiyo hazitaki moto mkali. Mwisho mafuta ya nazi yenye harufu ya waridi, kidogo kidogo, kuanzia ncha hii mpaka ncha ile, nikachana kwa kitana cha meno mapana.

Zilimeremeta. Ziliteleza mkononi kama hariri. Farasi mwenyewe angezitamani.

Jambo la pili. Mama Pacha alikuja mchana kusukwa, anataka kesho aonekane. Nilipofika katikati ya kichwa nikapata mbinu. Nikachukua furushi la nywele za bandia lililobaki, nikalisukuma kwa mguu mpaka nyuma ya droo. Nikamwambia, pole dada, nywele zimeisha, mzigo unaingia kesho asubuhi, njoo mapema nikumalizie. Akajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia amesukwa mistari mizuri, upande wa kushoto nywele zimesimama kama zimeona kitu. Akasema kesho asubuhi ana safari ya chumba cha muziki. Nikasema najua.

Alijifunga kilemba akatoka anatazama chini. Mwanamke kama yule hawezi kutoka nje na nusu kichwa. Na binti yake hatembei bila yeye.

Sijivunii. Lakini nasikia Chiriku anafungua mlango.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Alinawa mikono. Akakaza upinde. Akashangaa kidogo. Nikasimama pembeni nimekunja mikono, nasubiri kushukuriwa.

Akauvuta upinde juu ya nyuzi. Kimya. Akauvuta tena. Upinde ulipita juu ya nyuzi kama mtu anayekupita njiani bila salamu. Akaunusa. Akauliza, mama, hii ni nazi? Nikasema ni nazi na waridi kidogo.

Akakaa kitandani. Akanieleza bila kupandisha sauti. Nywele za upinde hazitakiwi kuteleza. Zinatakiwa kuushika uzi, zikiushika ndipo unalia. Kinachozifanya zishike ni ulimbo. Ule unga mweupe ulikuwa ulimbo, ameupaka wiki zote hizi. Mafuta ndiyo adui. Hata kuzigusa kwa vidole hairuhusiwi, kwa sababu vidole vina mafuta. Vidole tu, mama.

Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema si kitu. Mtoto akikuambia si kitu kwa sauti ile, ni kitu.

Nimejaribu kurekebisha. Tumepaka ulimbo juu ya mafuta, ukawa uji. Nikaosha kwa sabuni ya vyombo, nywele zikasokotana kama za mtu aliyelala na mvua. Nikapaka poda ya mtoto, upinde ukatoa wingu na hakuna sauti, Baba Chiriku akapiga chafya mpaka akatoka nje. Aliporudi akaniambia, mke wangu, acha sasa, kilichobaki ni kuuchemsha.

Kwa Mwalimu sithubutu kurudi. Upinde mwingine ninaoujua ni mmoja tu. Uko nyumbani kwa Mama Pacha. Na Mama Pacha amekaa nyumbani na nusu kichwa kwa ajili yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikuwa mlangoni kwa Mama Pacha kabla jua halijachomoza vizuri, kitana mkononi, furushi la nywele kwapani. Alifungua akiwa na kilemba. Akaniuliza nimekuja kumalizia au kucheka. Nikasema kumalizia. Akalitazama furushi. Akasema si zilikuwa zimeisha? Nikasema zimepatikana. Akasema zimepatikana wapi alfajiri hii, zimeota?

Nikaanza kusuka, nikizungumza na kisogo chake kwa sababu ni rahisi kuliko uso. Nikamwambia upinde wa Chiriku umepata ajali. Akauliza ajali gani. Nikasema ya mafuta. Nikamweleza yote, shampuu mpaka waridi. Alicheka mpaka kitana kikaanguka. Halafu akakiokota, akakishikilia bila kunirudishia. Nikajua anafikiria nini. Mtoto asiye na upinde hawezi kushinda. Wazo hilo nalifahamu vizuri, lilikuwa kichwani mwangu jana nikisukuma furushi kwa mguu.

Nikamwomba. Sikujua nitaomba kwa maneno gani, nikasema tu, dada, ni mtoto, hakufanya kosa.

Kabla hajajibu, binti yake alitokea mlangoni amevaa tayari, fidla mgongoni. Akasema wameshapanga na Chiriku, jana usiku, alipopita dirishani kwao. Anapiga yeye kwanza, kisha anampa upinde. Akauliza kama tutachelewa. Wamama wazima tukatazama sakafu.

Muda wa kumaliza kichwa haukuwepo. Mama Pacha akasema hatoki hivi, mimi nikasema atatoka, nitamsuka hukohuko. Ndivyo tulivyokwenda. Kwenye korido ya chumba cha muziki kuna benchi refu. Alikaa yeye, nikasimama nyuma yake. Watoto wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Sikuweza kuchungulia, mikono ilikuwa kichwani kwa mtu. Nilisikia tu.

Alipiga binti yake. Kasi kweli, kama mvua juu ya bati. Alimaliza, na kisanduku chake cha tik tik kikaendelea kidogo peke yake. Mama Pacha akainua kidevu. Nikakishusha, nilihitaji kisogo.

Kimya. Kisha Chiriku. Polepole. Polepole mno, nikavuta mstari wa nywele bila kujua, Mama Pacha akasema unaning'oa. Lakini sauti ilikuwa moja, safi, haikukwaruza. Nikaanza kupumua. Katikati ya wimbo akaacha.

Nikaacha kusuka. Mama Pacha naye hakugeuka, na nashukuru kwa hilo. Nikasikia kidole kinadonoa uzi, ting. Kinadonoa tena. Kitu kinakazwa. Ting. Kisha akaanza upya pale alipoachia, akaenda mpaka mwisho.

Mama Pacha akasema uzi ulikuwa umelegea. Akasema pia, kwa sauti ndogo, kwamba wake asingesimama.

Mwalimu alitoka na watoto wote wawili. Alisema binti wa Mama Pacha ana mikono myepesi, na fidla ya kwanza itakayopatikana ni yake. Hii ibaki kwa Chiriku. Akatoa sababu. Chiriku akisikia kosa anasimama na kulitafuta, halikimbii. Na alipomaliza, kabla ya kufurahi au kulia, aliufuta mti upinde wa mwenzake, akaulegeza, ndipo akaurudisha. Mwalimu alisema hayo mengine yote atayafundisha, hilo hakulifundisha mara mbili.

Chiriku alikuja akaficha uso kwenye aproni yangu ya saluni. Sikuweza kumkumbatia vizuri kwa sababu nilikuwa nimeshika msuko. Nilimkumbatia kwa viwiko.

Mwalimu akaomba kuuona upinde wa Chiriku. Nikautoa kwenye mfuko. Akaunusa. Akaushika mbali, akautazama muda mrefu. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kushika upinde laini namna hii.

Nikasema asante.

Akasema analo sharti moja. Alilisema taratibu, mbele ya watu, akinitazama mimi na si mtoto. Mama asiiguse fidla. Nikakubali. Mama Pacha akakubali pia, hakuna aliyemuuliza.

Upinde utakwenda kwa fundi kuwekwa nywele nyingine. Mpaka urudi, Mwalimu amemwazima Chiriku upinde wake mwenyewe, anao tangu usichana wake. Chiriku aliupokea kwa mikono miwili.

Nilimaliza kichwa cha Mama Pacha palepale koridoni. Kimetoka kizuri, hata yeye alikiri kwa kunyamaza. Njiani akasema binti yake hata hivyo alikuwa anapendelea ngoma. Binti akasema hapana. Mwisho nikamwahidi kumfumua na kumsuka mara ijayo kama zawadi. Akasema sawa, ila nywele atakuja nazo mwenyewe, na atazikalia.

Jumapili, 10 Machi

Sijaigusa fidla. Iko juu ya kabati. Nimefuta vumbi kabati lote, pale nimepazunguka.

Jioni Chiriku aliniita chumbani kwake. Hana stendi, karatasi inaanguka. Aliniuliza kama naweza kuishika. Nikakaa kitandani, nikaishika karatasi mbele ya uso wangu, naye akapiga. Mimi ndiye stendi. Aliniomba nisipumue sana, karatasi inatikisika. Sponji yangu ilikuwa begani kwake, kibanio changu kwenye kidaraja, mlinzi wa chini amelala. Nyuma ya karatasi nililia kidogo. Stendi ya Mama Pacha haiwezi hilo.

Nimepiga hesabu ya wiki hii bila upendeleo. Sponji ni yangu. Kibanio ni changu. Na lile la upinde, tukiliangalia vizuri, kama nisingeuosha, Mwalimu angeona wapi jinsi mtoto anavyotunza upinde wa mwenzake? Sisemi zaidi.

Jumanne, 12 Machi

Nyumba kimya. Chiriku yuko shule. Saluni haina mtu.

Nimepita tu chumbani kwake kuchukua nguo chafu. Upinde wa Mwalimu uko mezani, kwenye kitambaa. Sikuugusa. Niliinama. Nywele kadhaa zimekatika, zinaning'inia kama za mtu aliyevuliwa kofia ghafla. Jana Chiriku alinieleza kwamba nywele ya upinde ikikatika haivutwi, inakatwa kwa mkasi. Kwa mkasi. Maneno ya Mwalimu hayo, si yangu.

Nimefikiri sana. Mwalimu alisema mama asiiguse fidla. Fidla iko juu ya kabati. Upinde hakuutaja. Na upinde huu anao tangu usichana wake, na kwa jicho langu la kazi, nywele hizo hazijawahi kukatwa ncha hata siku moja. Zimevutwa na kubanwa sana kule mwisho, pale zinapoingia kwenye mti, huku na huku, na ndipo pekee zinaposhikiliwa. Nywele zikibanwa hivyo hazipumui. Hilo halihitaji kusomea fidla. Ni kazi yangu.

Mafuta sipaki. Hilo nimejifunza. Maji pia hapana.

Nimeshanoa mkasi mdogo. Nitazipunguza kidogo tu, ncha zote mbili, ziwe sawa. Chiriku akirudi atakuta zimepumzika.